Maji, Rangi na Ukweli: Juu ya Maadili ya Kusahihisha Picha za Chini ya Bahari

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja la maadili ambalo wahakiki wa fasihi wanalifahamu kwa jina jingine. Mtu anapoichukua picha iliyopigwa chini ya maji na kuisahihisha kwa kompyuta, je, anairudishia ukweli wake au anaitungia ukweli mpya? Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada ya kamera na bahari katika jarida ambalo kwa kawaida hujadili tenzi, riwaya na tamthilia. Mshangao huo hauna msingi mkubwa. Picha nayo ni matini: ina mtungaji, ina hadhira, na baina ya hao wawili hupita mikono mingi inayoigusa kabla haijasomwa. Isitoshe, maji na ushairi vimewahi kusimama kizimbani pamoja. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alipotaka kuonyesha jinsi macho yanavyotuhadaa, alitaja vitu ambavyo vikiwa majini huonekana vimepinda ilhali vikiwa nje vimenyooka. Dawa aliyoitaja ni kupima, kuhesabu na kutia katika mizani. Kisha akaitumia hoja hiyohiyo kumshutumu mchoraji na, baada yake, mshairi.

Sisi hatukusudii kuirudia kesi hiyo ya kale. Tunaitwaa sehemu moja tu ya dawa ya Plato, nayo ni kupima, na kuuliza: kipimo chenyewe kiwekwe wapi? Dai letu ni kwamba usahihishaji wa picha ni halali pale tu ambapo kipimo kimezama pamoja na kinachopimwa. Tutalifafanua dai hili kwa matumbawe ya pwani yetu, kisha tutalirudisha nyumbani, kwenye uhariri wa mashairi.

Maji yanafanya nini

Mwanga wa jua una rangi zote, lakini maji hayazipitishi zote kwa usawa. Katika bahari safi, wekundu ndio wa kwanza kumezwa. Mzamiaji akifika mita kumi hivi, kitambaa chekundu huonekana cha kijivu. Akishuka zaidi na kujikata kidole, damu yake huiona kama kijani kilichokoza. Hufuata rangi ya machungwa, kisha manjano, na mwishoni hubaki kijani na samawati. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili hutokana na chembechembe zinazoelea majini. Chembe hizo hutawanya mwanga, na sehemu ya mwanga huo huingia kwenye lenzi kabla haujakigusa kitu kinachopigwa picha. Matokeo yake ni ukungu unaozidi kila umbali unapozidi, na kingo za vitu hupotea ndani yake.

Mfaransa Louis Boutan alipopiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, ukungu ulimsumbua lakini rangi haikumsumbua, kwa kuwa filamu za siku hizo hazikuwa na rangi. Tatizo letu ni la watu waliokwisha kuonjeshwa rangi. Picha ya kidijitali ni jedwali la tarakimu: kila pikseli ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya samawati, kila moja aghalabu baina ya 0 na 255. Kuichakata picha ni kufanya hesabu juu ya namba hizo. Mtu anaweza kuzitanua ili giza na mwanga viachane. Anaweza kuuongezea wekundu kiasi anachodhani maji yameumeza. Anaweza kukisia kiasi cha ukungu katika kila sehemu na kukiondoa.

Neno "kudhani" katika sentensi iliyotangulia ndilo kitovu cha mjadala. Mbinu moja ya zamani na nyepesi hudhani kwamba wastani wa rangi zote katika picha yoyote ni kijivu. Kwa hiyo rangi iliyozidi huhesabiwa kuwa kosa la maji na kupunguzwa. Mbinu nyingine hudhani kwamba mahali peupe kuliko pote katika picha ni peupe kwelikweli, kisha hupanga rangi nyingine zote kwa kupafuata mahali hapo. Dhana hizi hazina ubaya zikiwa zimetajwa. Lakini fikiria picha ya bonde la majani ya bahari ambalo kwa kweli ni kijani kuanzia ukingo hadi ukingo. Mbinu ya wastani italiona bonde hilo kama kosa. Italinyang'anya kijani chake na kulipaka uzambarau usiokuwepo, kisha itamkabidhi mtazamaji kazi hiyo kwa jina la usahihi.

Hapa yafaa tutanabahi kwamba Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo wahandisi wenyewe pia huyatenganisha katika lugha zao: kurejesha na kuboresha. Anayerejesha anajifunga kwa kitu kilichokuwepo. Akikosea, kuna mahali pa kumkosoa. Anayeboresha anajifunga kwa jicho la atakayetazama. Kazi ya pili si haramu, na mtu anayetengeneza kalenda ya mwaka mpya yu huru kuifanya. Haramu ni kuifanya kazi ya pili na kuiita ya kwanza.

Matumbawe na shahidi wake

Mwaka 1998, kufuatia El Niño, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe ya Kenya na Tanzania yakapauka kwa wingi. Tumbawe ni mnyama anayeishi pamoja na mwani wadogo mno ndani ya tishu zake. Mwani hao humpa sehemu kubwa ya chakula na sehemu kubwa ya rangi. Joto likizidi kiwango chake cha kawaida cha msimu wa joto, hata kwa digrii moja tu, na likadumu kwa majuma kadhaa, mnyama huwatoa mwani hao. Tishu hubaki bila rangi, na mifupa yake ya chokaa huonekana myeupe kupitia ngozi. Hajafa bado. Joto likishuka mapema anaweza kuwapokea mwani tena, likikawia, hufa. Kutokana na msiba huo wa 1998 ndipo likaanzishwa, mwaka 1999, shirika la utafiti la CORDIO, ambalo tawi lake la Afrika Mashariki lina makao Mombasa. Kupauka kukarudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024.

Msomaji ataona mara moja kwa nini suala la rangi linakuwa hapa suala la maadili. Katika picha ya mandhari, rangi ni pambo la habari. Katika picha ya tumbawe, rangi ndiyo habari yenyewe. Programu inayodhani kwamba mahali peupe kuliko pote ni peupe kweli inaweza kulichukua tumbawe lenye afya, la rangi ya maziwa yenye chai, ikalifanya jeupe na kuutangazia ulimwengu ugonjwa ambao haupo. Programu inayotia wekundu na ukahawia ili picha "ipate uhai" inaweza kulichukua tumbawe linalokufa na kulivisha afya. Makosa haya mawili yanaelekea pande mbili zinazopingana, lakini mzizi wake ni mmoja: kipimo kimekaa juu, ofisini, mbele ya kioo cha kompyuta, ilhali kinachopimwa kiko chini.

Nani anaumia? Tuwachukue wavuvi wa Kuruwitu, katika Kilifi, ambao katikati ya miaka ya 2000 walikubaliana kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe ili miamba ipate kupumua. Mtu aliyeacha mahali alipokuwa akivua baba yake ana haki ya kuambiwa kama kujinyima kwake kumezaa kitu. Wengi wa walioridhia makubaliano ya namna hii hawazamii na vyombo vya hewa. Habari za chini huwafikia kwa maneno na kwa picha. Akionyeshwa picha iliyopambwa, ameibiwa hukumu yake mwenyewe. Wala haitoshi kujibu kwamba miamba imepona kweli na kwamba pambo lilikuwa dogo. Mvuvi huyo hana njia ya kupambanua pambo dogo na kubwa, na siku miamba itakapougua tena ataonyeshwa picha kwa mkono uleule.

Kuna kifaa kimoja cha bei nafuu ambacho, kwa mtazamo wetu, kina falsafa zaidi ya programu nyingi za gharama. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitengeneza kadi isiyoharibika majini, yenye safu za rangi zilizopangwa kutoka hafifu hadi iliyokolea na kupewa namba kutoka 1 hadi 6. Mzamiaji huishika kadi kando ya tumbawe na kusoma namba inayolingana. Maji yanaimeza rangi ya tumbawe, lakini yanaimeza rangi ya kadi vilevile na kwa kiasi kilekile, kwa sababu vyote viwili viko mahali pamoja. Udanganyifu wa maji haukuondolewa. Umegawiwa sawa baina ya shahidi na mshtakiwa, na kwa hiyo haumwonei yeyote. Mpiga picha anayeingiza kadi ya rangi zinazojulikana ndani ya fremu hufanya jambo lilelile, na kompyuta yake baadaye huwa na jambo la kujifunga nalo.

Haki ya shahidi wa namna hii si lazima itoke kwenye kadi. Derya Akkaynak na Tali Treibitz walipotangaza mbinu yao ya Sea-thru mwaka 2019, hawakuidai kadi katika kila picha. Walichodai ni umbali. Mahali pamoja hupigwa picha nyingi kutoka pembe mbalimbali, umbali wa kila nukta hadi kwenye kamera hukadiriwa, kisha maji huondolewa kwa kadiri ya umbali huo. Mantiki ni ileile: ushahidi umetoka katika tukio lenyewe, haukuletwa kutoka katika kumbukumbu ya mtu kuhusu bahari inavyopaswa kuonekana.

Kumbukumbu hiyo haifai kuaminiwa hata kidogo, na hili sisi wa bara tunalijua kuliko watu wa pwani. Mwandishi wa makala haya ni mtu wa Matulo, na maji aliyoyajua kwanza ni ya Nzoia, mto unaoshuka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, ukapita nchi ya Kitale na Webuye hadi kumwagika katika Ziwa Victoria huko Budalang'i. Mto huo hubeba udongo wa mashamba na maji ya majani yaliyooza. Maji kama hayo humeza rangi kwa mpango uliopinduka: samawati ndiyo hutangulia kupotea, na kinachobaki ni manjano na ukahawia. Tuseme mtu aitumbukize kamera Nzoia wakati wa masika, kisha aipeleke picha kwa programu iliyozoea bahari. Programu itaongeza wekundu mahali ambapo wekundu umekwisha kuzidi, na kambare wa watu atatoka kama matofali. Haikukosea hesabu, imechukua ada za bahari ikazifanya sheria za maji yote. Wahakiki waliowahi kusoma ushairi wa bara kwa mizani ya Lamu watalitambua kosa hili bila kuelezwa zaidi.

Mato na moto

Katika miaka ya karibuni kazi ya kusahihisha imehamishiwa kwenye programu zinazojifunza kutokana na mifano. Programu huonyeshwa maelfu ya picha mbovu na wenzao walio wazuri, mpaka ijue kuibadili hii iwe ile. Swali linalofuata halikwepeki: picha nzuri zimetoka wapi? Miamba haiwezi kukaushwa ili ipigwe picha isiyo na maji. Mwaka 2019 ulitolewa mkusanyo mashuhuri wa picha 950 za chini ya maji, na 890 kati ya hizo ziliambatanishwa na picha rejea, yaani mfano wa usahihi. Picha rejea zilipatikana hivi: kila picha ilipitishwa katika mbinu 12 tofauti, kisha watu 50 waliojitolea wakayapambanisha matokeo mawili mawili na kuchagua waliyoyaona bora. Kwa picha 60 zilizosalia hapakupatikana tokeo la kuridhisha, na watafiti walisema hivyo waziwazi.

Hatuwabezi watafiti hao. Walifanya walichoweza na wakaeleza walichofanya, jambo ambalo si kila mhariri wa fasihi ameliweza. Lakini tuseme mambo kama yalivyo. Rejea ya namna hiyo ni kura. Inatuambia watu hamsini walipenda nini; haituambii tumbawe lilikuwa na rangi gani. Programu inayolelewa kwa kura hizo itakuwa hodari wa kupendeza, na kadiri inavyopendeza ndivyo mtazamaji atakavyopungukiwa na sababu ya kuishuku.

Fasihi ya Kiswahili imeyapitia haya. Tunajua kwamba mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor waliozikusanya Mombasa katika karne ya kumi na tisa, na kwamba diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kabla ya chapa hiyo kulikuwa na hati za Kiarabu, na hati hizo ni maji ya aina yake. Katika mazoea ya zamani herufi moja huweza kusimama badala ya b, p au mb. Alama moja ya irabu huweza kusomwa i au e, nyingine u au o. Anayezigeuza kuwa hati za Kirumi hana budi kuamua katika kila neno. Hakuna "picha asilia" inayosomeka bila uamuzi, kama vile hakuna picha ya bahari isiyo na bahari ndani yake.

Hata hivyo si kila uamuzi ni sawa na mwingine. Tuchukue mfano mwepesi tulioubuni wenyewe. Mhariri anakuta beti ya Kimvita yenye vina vya mwisho katika "-to": moto, mtoto, mato. Mhariri huyo amelelewa katika Kiswahili sanifu. Kwake "mato" ni ukungu uliolifunika "macho", na kwa nia njema anaandika "macho" ili msomaji wa Dodoma au wa Bungoma asikwame. Mara kina kimevunjika. Kina hicho ndicho kadi ya rangi: kilizama pamoja na neno, kikapitia mikono ileile ya wanakili, na sasa kinatoa ushahidi kwamba "mato" halikuwa kosa la mtu. Mizani, vina na lahaja ni mashahidi wa ndani ya maji. Ladha ya msomaji wa leo, hata akipigiwa kura na hamsini wenzake, ni shahidi wa ufukweni.

Kuna mwenzetu mmoja wa nadharia za kisasa ambaye huenda akatuuliza: je, si kweli kwamba kila usomaji ni uundaji, na kwamba hata kamera inayoitwa mwaminifu imekwisha kuchagua pembe, saa na fremu? Ni kweli. Lakini hoja hiyo inathibitisha pungufu ya inavyodhaniwa. Kutokana na kwamba hakuna mtazamo usio wa mtu, haifuati kwamba mitazamo yote inawajibika sawa. Mzamiaji aliyeshika kadi amechagua pembe yake pia; tofauti ni kwamba amemwachia mwingine njia ya kumkanusha. Hiyo ndiyo haki anayonyimwa mvuvi anayeletewa picha iliyopambwa na msomaji anayeletewa beti iliyosanifishwa kimyakimya.

Pengo

Limebaki jambo gumu zaidi, nalo ni kile ambacho maji yamekificha kabisa. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu ikiwa imezingirwa na Waomani, manowari ya Kireno Santo António de Tanna ilizama chini ya ngome hiyo mjini Mombasa. Kati ya 1977 na 1980 mabaki yake yalichimbuliwa na wataalamu wa akiolojia ya majini chini ya Robin Piercy, wakishirikiana na makumbusho ya nchi yetu. Vitu vingi vilivyopatikana vimehifadhiwa ndani ya Ngome ya Yesu. Kiunzi cha meli kilipimwa, kikachorwa na kufunikwa tena palepale. Bandari hiyo ina maji ya matope. Wachimbuaji walitumia kamera, lakini walitumia pia utepe wa kupimia, na mahali ambapo mbao hazikuonekana mchoro uliachwa wazi.

Programu za leo zinaweza kuujaza uwazi kama huo. Zimekwisha kuona mbao nyingi, nazo zitachora ubao mahali ambapo ubao ungefaa kuwepo, pamoja na nyufa zake na misumari yake, na mtazamaji hatajua mpaka uko wapi. Kwa rangi iliyofifia tumekubali kwamba kuna kurejesha, kwa sababu mabaki ya rangi yapo katika zile namba na yanaweza kupimwa. Kwa ubao usioonekana hakuna mabaki. Hakuna namba ya kusahihisha. Kuuchora ni kutunga. Sisi wa fasihi ndio tunaopaswa kulisema hili kwa sauti, maana kutunga ndiko tunakokuheshimu, na hatupendi kukuona kukitembea kwa jina la kuazima.

Mhariri mwadilifu wa utenzi, akikuta karatasi iliyoliwa na mchwa, huweka nukta katika nafasi ya mishororo iliyopotea. Kama ana kisio, hulitia chini ya ukurasa kwa jina lake. Mpiga picha ana nafasi ya kufanya kadhalika kwa urahisi zaidi: aihifadhi picha ghafi bila kuigusa, aandike hatua alizopitia na dhana alizozitumia, na sehemu iliyojazwa na programu aipe rangi moja isiyoweza kudhaniwa kuwa ubao. Picha itakuwa mbaya. Kalenda haitaitaka.

Ziko picha ambazo hata utaratibu huu hauzifikii. Slaidi za miamba yetu zilizopigwa kabla ya 1998, zilizomo katika masanduku ya wazamiaji na ya watafiti wastaafu, hazina kadi ndani yake, na juu ya maji, miaka nayo imekwisha kuzila rangi. Ndizo ushahidi wa miamba kama ilivyokuwa, na kishawishi cha kuzirudishia fahari ni kikubwa kuliko vyote, kwa sababu tunaipenda fahari hiyo na tuna hakika ilikuwepo. Kwa maoni yetu slaidi hizo zichapishwe kwanza zilivyo, pamoja na ukijani wake, mwaka wake na kina chake kama viliandikwa. Anayetaka kuzisahihisha aiweke kazi yake kando ya ile ya kwanza, ukurasa uleule, ili mtu wa Watamu au wa Matulo atazame zote mbili.